Pedi Zilizojiendea: Uchambuzi wa Mgogoro wa Kibanda cha Gemu Mwanjelwa

Mgogoro huu ulikuwa wa shilingi milioni moja na ushee, kati ya kijana mwenye kibanda cha gemu karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya, na muuza vifaa vya elektroniki wa mjini humohumo. Haukufika mahakamani. Mimi niliingia kijana alipotafuta mtu wa kumwandikia barua ya madai, na wote wawili wameridhia niuandike mradi nisiwataje wao wala chapa ya mashine. Nimeona unastahili kuchambuliwa kwa kuwa jambo walilogombania ndilo ambalo wanunuzi wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakigombania na kampuni kubwa za gemu kwa takriban miaka 20. Kifaa kimekufa, hilo halina ubishi. Nani amekiua?

Kilichotokea

Kijana alikuwa na mashine mbili za zamani, na jioni kibanda kilikuwa kinafurika. Mwezi Machi akaongeza mbili za mtumba, bila pedi (kile kidude cha mkononi cha kuchezea), kwa shilingi 520,000 kila moja, na pedi nne alizouziwa kama orijino kwa 60,000 kila moja. Jumla 1,280,000. Kabla ya kulipa walizungumza WhatsApp. Kijana aliandika wazi kuwa anazitaka za kibanda, zitawashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Muuzaji akamjibu kwa sauti: "Mdogo wangu, hizi ngumu, zimetoka nje zikiwa safi. Kibanda si tatizo. Mashine nakupa waranti miezi mitatu, na pedi ni orijino, hutakuja kunitafuta." Sauti hiyo haikufutwa. Ningeambiwa nichague ushahidi mmoja tu katika kisa hiki kizima, ningechukua huo.

Dukani walizijaribu mashine zote mbili kwa mechi moja moja, kama dakika kumi hivi. Zikacheza vizuri. Pesa ikatumwa kwa simu, halafu ndipo ikaandikwa risiti ya mkono: "mashine za gemu mtumba 2, pedi orijino 4." Chini yake, kwa maandishi yaliyochapwa kiwandani pamoja na kitabu chenyewe cha risiti, kulikuwa na sentensi ambayo kila mnunuzi wa nchi hii ameshakutana nayo, kwamba bidhaa ikishauzwa haitarudishwa wala kubadilishwa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haikutolewa na wala haikudaiwa, na hapo TRA, mamlaka ya mapato, wangekuwa na la kuwaambia wote wawili.

Wiki ya tano pedi ya kwanza ikaanza kujiendea. Kwa asiyecheza gemu: mchezaji ameondoa kidole kabisa kwenye analogi ya kushoto, yaani kijiti cha kumwongozea mchezaji, lakini beki wake anatembea taratibu kuelekea nje ya uwanja kama ameitwa na mtu. Mechi ni shilingi 500, na aliyefungwa kwa sababu ya pedi halipi, anataka irudiwe. Kufikia wiki ya saba pedi tatu kati ya nne zilikuwa hivyo. Mashine moja nayo ikawa na lake: ikishapata moto, baada ya nusu saa hadi dakika arobaini, inazima yenyewe katikati ya mchezo.

Kijana akaipeleka kwa fundi, kama ambavyo karibu kila mtu angefanya. Fundi akaifungua, stika iliyofunika skrubu ikachanika, akapuliza vumbi kwenye feni na kubadilisha pesti ya kupoozea chipu. Ikatulia wiki mbili, ikarudia. Hapo ndipo akairudisha dukani, bado ikiwa ndani ya ile miezi mitatu. Majibu ya muuzaji niliyasikia mwenyewe baadaye, na hakuyabadilisha hata mara moja: "Dogo, mashine mmeichokonoa, stika imechanika. Halafu wateja wako wakifungwa wanapiga pedi mezani. Halafu soma risiti."

"Umeitumia vibaya"

Kati ya hoja hizo tatu, ya pili ndiyo nzito. Imeua kesi kubwa kuliko hii.

Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, iliingia sokoni Novemba 2005, na wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba diski zinatoka ndani ya mashine zimechorwa mduara mzima. Walidai kisomea diski hakihimili hata mtikisiko mdogo wa kawaida. Shauri la awali liliwekewa kizuizi 2009: jaji wa mahakama ya shirikisho jimboni Washington alikataa liendeshwe kwa niaba ya wanunuzi wote, akizingatia kwamba ni asilimia 0.4 tu ya wenye mashine walioripoti diski kuchorwa, na kwamba matumizi mabaya nayo yanaweza kuchora diski. Maana yake kila mtu athibitishe chanzo chake, peke yake, kwa mashine ya dola mia kadhaa. Hakuna anayekodi wakili kwa hesabu hiyo. Wengine wakafungua upya 2011, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Microsoft dhidi ya Baker. Uamuzi ulitoka 12 Juni 2017, ukaandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, na haukugusa diski hata kidogo. Ulisema mlalamikaji aliyeifuta kesi yake mwenyewe ili apate mlango wa rufaa hana uamuzi wa mwisho wa kukatia rufaa. Zaidi ya miaka 11 tangu mashine itoke, watu walikuwa bado wanabishana kuhusu mlango wa kuingilia.

Sasa tazama ugonjwa mwingine wa mashine hiyohiyo, zile taa tatu nyekundu zinazowaka mashine ikifa. Tarehe 5 Julai 2007 Microsoft ilirefusha waranti ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Hakuna hakimu aliyeilazimisha. Tatizo, kama kampuni yenyewe ilivyokuja kueleza, lilikuwa kwenye viunganishi vya chipu: kila mashine ikipata moto na kupoa vinatanuka na kusinyaa, mpaka vinakatika. Hapo hakuna pa kumbebesha mtumiaji. Kuwasha na kuzima ndiyo matumizi yenyewe.

Mashine moja, kampuni moja, matokeo mawili tofauti kabisa. Mimi naona kilichoyatofautisha ni uwezekano wa kuutenganisha ubovu na mkono wa mtumiaji. Diski ikichorwa, unaweza kusema mtoto aliisogeza mashine ikiwa inazunguka. Taa nyekundu ikiwaka, huna cha kusema.

Daftari la kaunta

Hapa ndipo kibanda cha Mwanjelwa kina kitu ambacho mnunuzi wa kawaida kule Marekani hana. Mtu mwenye mashine moja sebuleni hawezi kulinganisha na chochote. Mwenye kibanda ana mashine nne, meza moja, wateja walewale, na anaandika.

Daftari lake ni la shule, la mistari mikubwa. Kila ukurasa una safu nne, mashine 1 hadi 4, na kila mechi ni alama ya kijiti, jioni anahesabu. Pedi zake pia zina namba, zimeandikwa kwa maka peni mgongoni. Namba 1 hadi 4 ni za zamani, amezitumia zaidi ya mwaka. Namba 5 hadi 8 ndizo za Machi. Zilizoharibika ni ya 5, ya 6 na ya 8.

Ugomvi ulipoanza alikuwa akibadilishana pedi ili wateja wasiondoke, na kila palipotokea ubishi aliandika pembeni: "P5 kwenye M1 inajiendea," "P2 kwenye M3 safi." Hakufanya hivyo kwa ajili ya ushahidi, alitaka kujua mechi ipi airudishie pesa. Lakini ukiyasoma maandishi hayo kwa mfululizo unaona pedi mpya inajiendea hata kwenye mashine ya zamani, na pedi ya zamani inatulia hata kwenye mashine mpya. Kwa hiyo tatizo liko kwenye pedi, mashine haihusiki. Na kama ni kupigwa mezani, mezani zote zinapigwa. Hasira za mtu aliyefungwa goli la dakika ya 89 hazisomi namba iliyoko mgongoni mwa pedi.

Nikiwa upande wa muuzaji, ningelishambulia daftari hili hivi. Pedi nne ni chache mno kuthibitisha jambo. Tena zilikuwa mpya, na kila mteja anagombania mpya, kwa hiyo huenda zilichezwa mara mbili ya zile za zamani. Daftari halisemi, kwa sababu linahesabu mechi za kila mashine na si za kila pedi. Hilo ni tobo, na kijana hana la kuliziba.

Lakini ningekuwa na silaha kali zaidi. Ndani ya analogi ya kawaida mna potenshomita: kijiguso kinachosuguana na njia ya kaboni, na mashine inasoma nafasi ya kidole kwa kupima ukinzani wa umeme. Kaboni ikilika, nafasi ya katikati inasomeka kuwa pembeni, na beki anaanza safari. Mwaka 2021 mafundi wa iFixit, tovuti ya ukarabati wa vifaa, walifungua pedi ya DualSense ya Sony wakakuta potenshomita za kampuni ya Alps ambazo uhai wake unatajwa kuwa mizunguko milioni 2. Walikadiria kwamba kwa gemu ya kurushiana risasi, mizunguko hiyo inaweza kuisha ndani ya saa 417. Nyumbani, kwa saa mbili kwa siku, hiyo ni karibu miezi saba. Kwenye kibanda cha saa kumi kwa siku ni siku 42. Muuzaji angeweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba hata pedi halali kiwandani haikuahidiwa kuvuka wiki sita kwa kazi ya namna hiyo. Hakujua hoja hii ipo, na mimi sikumfundisha. Jibu lake pia lipo: vijana wa Mwanjelwa wanacheza mpira, si vita, na pedi 1 hadi 4 zimekaa mwaka na zaidi kwenye kazi hiyohiyo.

Kilichoumaliza mjadala hakikuwa hesabu. Fundi alizifungua pedi 6 na pedi 2 juu ya meza moja, muuzaji akiwa amesimama. Pedi 2 ilikuwa na mota mbili za mtetemo, moja kila upande. Pedi 6 ilikuwa nayo moja, na upande wa pili palikuwa patupu. Bodi ya pedi 2 ilikuwa na maandishi ya kiwanda. Ya pedi 6 haikuwa na hata herufi. Skrubu zake mbili zilikuwa za aina tofauti. Fundi, mtu wa maneno machache, akasema: "Kaka, hii kopi." Muuzaji akaishika, akaipima kwa mkono, akasema naye kauziwa hivyohivyo. Namsadiki, lakini haimsaidii.

Madai mawili, si moja

Tangu dakika ile kesi iligawanyika, na nadhani kijana hakuliona hilo mpaka mwisho.

Kwa pedi, swali la nani ameua halina kazi tena. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Maelezo yalikuwa "orijino," kwa sauti na kwa maandishi ya risiti. Pedi ya kopi si orijino hata kama ingedumu miaka kumi, hata kama imepigwa mezani kila siku. Hata ile ya 7, ambayo ilikuwa bado nzima, inaingia kwenye madai. Nia njema ya muuzaji haihesabiwi; sheria haiulizi kama alijua.

Mashine inayozima ni habari nyingine. Inahitaji kuthibitisha ubora, na ubora wa mtumba ni jambo la kubishaniwa. Hata hivyo kijana hakuwa mtupu. Sheria hiyohiyo inaweka sharti kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akategemea ujuzi wake, bidhaa iwe inaifaa kazi hiyo. Ajabu yake ni hii: neno "kibanda" ambalo lingemwua kwa mtengenezaji ndilo linalomwokoa kwa muuzaji. Waranti ya Xbox, kwa mfano, imekuwa ikisema haihusu mashine inayotumika kibiashara, ikiwemo kukodisha na kulipisha watu wacheze. Lakini kwa muuzaji wa Mbeya aliyesema "kibanda si tatizo," kibanda ndicho kipimo cha mkataba. Wakili mjanja angejibu kwamba kijana aliiomba mashine kwa jina la chapa, na sheria ya Uingereza ya 1893, iliyoizaa ya kwetu, inampa muuzaji mwanya mnunuzi akiagiza kwa jina. Ndiyo maana ile sauti ya WhatsApp ina thamani: inaonyesha alitegemea neno la muuzaji, si jina la chapa peke yake. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa.

Muuzaji alisema pia kwamba mashine zilijaribiwa dukani. Kweli, lakini ukaguzi unamfunga mnunuzi kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ungepaswa kuzifichua. Dakika kumi hazifichui mashine inayozima dakika ya arobaini.

Ile sentensi ya chini ya risiti naiona ni tishio kuliko sharti. Pesa ilishatumwa, mkataba ulishafungwa, karatasi ikaja baadaye. Sharti linalotolewa baada ya makubaliano kukamilika limechelewa. Isitoshe linagongana na waranti ya miezi mitatu aliyoitoa kwa mdomo wake.

Stika nayo. Nchini Marekani, Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inazuia kampuni kumfunga mteja kwa mafundi wake tu kama sharti la waranti, na Aprili 2018 tume yao ya biashara ilizionya kampuni sita, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuhusu kauli za aina hiyo. Sheria hiyo haifiki Mbeya, ila mantiki yake inasafiri. Stika iliyochanika inathibitisha kwamba mashine ilifunguliwa, basi. Haithibitishi kwamba kuifungua ndiko kulikoiharibu, hasa pale ilipoanza kuzima kabla ya kufunguliwa. Tatizo ni kwamba kabla ya fundi, kijana hakuwa na hata video moja ya mashine ikizima. Sekunde thelathini za simu zingeiondoa hoja ya kwanza ya muuzaji yote. Hapa namlaumu kidogo, maana simu anayo mkononi siku nzima.

Na asingeweza kurudisha mashine na kudai pesa yake yote. Ukishaipokea bidhaa, ukaitumia wiki kadhaa kama mali yako, ukaipeleka kwa fundi, umeikubali. Kinachobaki ni fidia, yaani tofauti kati ya thamani iliyopaswa kuwa nayo na iliyo nayo. Kijana alitaka 520,000 kamili. Haikuwa yake kisheria, na kuing'ang'ania kulimgharimu, kama tutakavyoona.

Wenzake wa Uyole na Tunduma

Nilimwuliza kama kuna wengine walionunua pedi za mzigo uleule. Akampata mmoja Uyole ambaye zake zimeanza kujiendea, na mwingine Tunduma ambaye alisema zake nzima. Akavunjika moyo: mmoja mmoja, ngoma droo.

Hakupaswa kuvunjika moyo. Ukiwa na hoja ya uchakavu, yule wa Tunduma anakuumiza. Ukiwa na hoja ya kopi, anakusaidia. Afungue tu pedi yake aangalie mota ziko ngapi.

Nguvu ya kukusanyika imeonekana vizuri kwenye Joy-Con, pedi za mashine ya Nintendo Switch, ambazo nazo zilijiendea. Kesi ilifunguliwa Marekani Julai 2019. Mwaka uliofuata mahakama ikaielekeza kwa msuluhishi, kwa kuwa mkataba ambao mtumiaji huukubali anapoanza kutumia mashine ulisema migogoro isiende mahakamani. Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu, lakini akakataa kueleza zaidi kwa sababu kesi zilikuwa zinaendelea. Ulaya walipita njia nyingine. Shirikisho la vyama vya walaji, BEUC, lilikusanya malalamiko karibu 25,000 na Januari 2021 likayapeleka kwa Tume ya Ulaya. Katika asilimia 88 ya malalamiko hayo pedi ilikuwa imeharibika ndani ya miaka miwili. Kufikia 2023 Nintendo ilikubali kuzitengeneza bure kwa wanunuzi wa Ulaya, hata waranti ikiwa imeisha, hata kama ni uchakavu wa kawaida. Hakuna mlaji wa Ulaya aliyelazimika kuthibitisha kwamba hakuipiga pedi yake mezani.

Kwetu mlango unaofanana na huo ni Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na tume hiyohiyo ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Ina ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Mahakamani pia mnaweza kushtaki pamoja: Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8, inaruhusu mmoja kuwawakilisha wengine wenye maslahi yaleyale kwa idhini ya mahakama. Ila sheria hiyo haitumiki Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo mngeanzia Mahakama ya Wilaya, na kwa pedi za 60,000 hiyo ni safari ndefu kuliko mzigo. Kijana peke yake angeweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako dai la mkataba la kiasi hiki linapokelewa, kila kitu ni kwa Kiswahili, na alikuwa na miaka sita ya kufanya hivyo. Alisema siku ya kesi atafunga kibanda. Sikuwa na jibu zuri.

Kwa mama mwenyekiti

Wakaishia ofisi ya serikali ya mtaa. Mama mwenyekiti aliwasikiliza wote, akataka daftari, akalipekua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Baada ya shikamoo na maji, swali lake la kwanza kwa muuzaji lilikuwa: "Mwanangu, hii ya namba sita uliiuza kama orijino au hukuiuza?" Hakuuliza habari ya mashine. Alianzia palipo imara, jambo ambalo barua yangu mwenyewe haikufanya, maana kijana alisisitiza mashine itangulie kwa kuwa ndiyo yenye pesa nyingi.

Pedi zililipwa zote nne, 240,000, bila ubishi mkubwa. Kwenye mashine kijana alianza na 520,000, muuzaji na sifuri, na hapo walikaa saa nzima. Angetaja tangu mwanzo gharama ya matengenezo na mapato yaliyopotea, ambayo daftari lilikuwa linayaonyesha (mashine ya 3 ilishuka kutoka mechi ishirini hivi kwa siku hadi chini ya kumi), nadhani angepata 250,000. Hasara ya namna hiyo inatakiwa kuthibitishwa kwa takwimu, na yeye alikuwa nazo mapajani. Hakuitaja. Alipata 150,000, mashine ikabaki kwake.

Kuna kifungu katika makubaliano nisichokipenda: kijana asipeleke suala hili FCC. Kilimsaidia kupata pesa haraka, na ndicho kilichomfanya muuzaji akubali kulipa pedi siku ileile. Lakini yule wa Uyole hakuwepo mezani, na pedi zilizobaki kwenye mzigo ule sijui ziko mikononi mwa nani. Ahadi ya kunyamazia bidhaa bandia sidhani kama hakimu angeilinda, na kwa vyovyote haimfungi mtu wa Uyole, ambaye nimeshamwelekeza ofisi ilipo.

Jumla ilikuwa 390,000 kwa awamu mbili. Ya kwanza, 200,000, ilitolewa taslimu mbele ya mwenyekiti, mhuri ukapigwa. Ya pili ilitumwa kwa simu mwisho wa mwezi ikiwa pungufu ya 5,000. Muuzaji alisema ni makato. Karatasi haikusema nani analipa makato, na kijana ameamua hiyo haitafuti.